Shule tumejenga kwa msaragambo, sasa inataka kuitwa jina la mheshimiwa. Tufanyeje?

Mama Daftari aliandika:

Wakuu, salaam. Mimi ni mama wa miaka 52, niko huku milimani Lushoto, nalima kabichi na viazi. Pia ni katibu wa kamati ya ujenzi wa sekondari mpya ya kata yetu. Nimeishia darasa la saba, ila mwandiko wangu unasomeka, ndiyo maana daftari likaangukia kwangu.

Watoto wetu walikuwa wanasoma kata ya jirani. Kushuka saa moja na nusu, kupanda saa mbili, na mvua ya masika ikikaza mto unafunga njia, mtoto analala kwa watu asiowajua. Tukachoka. Tukakubaliana kila kaya itoe 15,000, na asiyekuwa nayo atoe siku sita za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Mawe tulisomba kichwani, mchanga tulipandisha kutoka mtoni kwa ndoo, akina mama tumejipanga mstari tunapokezana kama harusini. Eneo alilitoa bibi mmoja mjane, ekari tatu za miti yake ya miwati, akaweka dole gumba kwenye karatasi na kusema tumuachie mti mmoja tu wa kupumzikia. Mti upo mpaka leo. Daftari langu lina kaya 412, kila moja na ilichotoa, hadi aliyeleta kuku wawili wa kuwapikia mafundi.

Maboma manne yakafika kwenye lenta, serikali ikaleta pesa ya kumalizia. Ndipo mheshimiwa akaja na msafara. Sitaji jina wala cheo. Akaahidi bati 200 na mifuko 100 ya saruji, na nisimsingizie, alileta vyote ndani ya mwezi. Alipokuwa bado jukwaani akainuka bwana mmoja aliyekuja naye, akasema anapendekeza shule iitwe jina la mheshimiwa. Makofi. Mheshimiwa akacheka, akasema wananchi wakimpa heshima hiyo yeye ni nani aikatae. Mtendaji akaandika. Mimi kalamu yangu iligoma.

Sasa afisa elimu kata anataka jina ili fomu za usajili ziende wilayani. Fundi ameshapaka kibao rangi nyeupe, kakileta kwangu kwa kuwa hapa hakinyeshewi, kila akipita anauliza, "Mama, niandike nini?"

Si kwamba namchukia mtu. Bati zake naziona zikimeta nikiwa shambani. Lakini nikifungua daftari najiuliza zile kaya 412 ziko wapi kwenye hicho kibao. Na hawa wakubwa leo wako hapa, kesho uteuzi umetenguliwa na redio imesoma. Tutafuta na kuandika tena? Halafu watoto wenyewe tayari wanasema "naenda Kwa Bibi". Hawakuambiwa na mtu.

Kwenu ilikuwaje? Na mtu anakataaje jambo kama hili bila kuonekana hana shukrani?

---

Konda Mstaafu:

Dada katibu, salaam kutoka Mbagala. Nimening'inia mlango wa daladala miaka 19, nikaacha mgongo ulipogoma. Nikwambie kitu ambacho maofisini hawakijui: jina jipya kwanza linafika mlangoni mwa gari. Pale ndipo linapitishwa au linatupwa.

Chukua Ocean Road. Obama alipokuja mwaka 2013 barabara ikapewa jina lake, kibao kikawekwa, Barack Obama Drive. Mimi sijawahi kusikia mtu mtaani akisema anapita Obama. Wanasema Ocean Road, na ukisema unaenda Ocean Road watu wanakupa pole, maana pale ndipo hospitali ya saratani. Bagamoyo ya zamani nayo ikawa Mwai Kibaki. Sisi tukaendelea na "Mikocheni kwa Warioba!", kwa sababu mzee Warioba, waziri mkuu mstaafu, nyumba yake iko pale. Kituo hicho hakuna aliyekizindua. Hakuna utepe uliokatwa.

Na kuna Mtoni kwa Azizi Ali. Abiria wangu wengi hawakumjua ni nani. Alikuwa mjenzi tajiri wa enzi za mkoloni, na mwanawe Dossa Aziz ndiye aliyeipa TANU Land Rover ya Nyerere kuzungukia. Babu zetu walisema "kwa Azizi Ali", na sisi tunasema. Serikali ngapi zimepita?

Ila usidhani jina la kiongozi halishiki kabisa. Uwanja wa Taifa ule wa watu 60,000 ulipewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020, alipofariki. Nikasema hili nalo halifiki Krismasi. Watu wa Simba wakaja na "Kwa Mkapa hatoki mtu", wengine wakauita Lupaso, kijiji alichozaliwa mzee, kwisha habari. Mimi ni Yanga, inaniuma kukiri, lakini jina lilishika. Nadhani ni kwa kuwa uwanja ule ulianza kujengwa akiwa yeye ndiye rais. Na kwa kuwa linakaa vizuri kwenye "kwa". Jaribu jina la mheshimiwa wako hivyo. Simama barabarani, piga kelele "Kwa fulaniii!" Ukiona aibu, basi.

---

Bati Kwanza:

Mama, mnachezea riziki. Mpeni jina, kesho mwambieni maabara haina vifaa, kesho kutwa bweni la wasichana. Mtu ambaye jina lake liko ukutani hawezi kuacha ukuta ubomoke. Shule ya kwetu inaitwa kwa jina la mlima mzuri sana, na choo kimetitia tangu mwaka juzi. Mlima haujawahi kuleta hata mfuko mmoja wa saruji.

---

Mama Daftari:

@Bati Kwanza nimecheka mpaka mume wangu kauliza kuna nini. Una hoja, na hata kwenye kamati yuko mzee anayesema hivyohivyo. Lakini akihamishwa? Anayekuja badala yake atatia pesa kwenye shule yenye jina la mwenzake? Wewe unawajua hawa watu.

---

Bati Kwanza:

Hapo umenishika.

---

Mwalimu wa Jiografia:

Mwanangu katibu, mimi ni jirani yako wa bondeni, Korogwe, mstaafu. Hapo ulipo Lushoto, wazee wako wanaweza kukuambia Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, mfalme wao. Mfalme huyohuyo walimpa na kilele cha Kilimanjaro, Kaiser-Wilhelm-Spitze. Hakuwahi kukiona. Mwaka 1918 akakimbilia Uholanzi na taji likaishia hapo. Leo ukiwauliza watoto wa Soni Wilhelmstal ni wapi, watadhani ni Ulaya.

Sasa tazama Desemba 1961. Kilele kinatakiwa jina jipya, Luteni Alexander Nyirenda anapandisha mwenge na bendera. Nyerere yupo, kijana, waziri mkuu, nchi nzima inamwimba. Ingekuwa rahisi kiasi gani kukiita kilele cha Nyerere? Wakakiita Uhuru. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nasimama hapo kwa dakika nzima bila kusema neno, darasa likidhani nimesahau somo.

Sisemi viongozi wasikumbukwe. Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984, ajali ya gari pale Dakawa, na mwaka huohuo chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake. Tulilia, na tukaona ni haki. Ndiyo kanuni yangu mimi: mtu amalize kwanza safari, tumhesabie. Akiwa hai bado anaweza kukuaibisha.

Kanuni hiyo, najua, inavuja. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 likaitwa Mkapa naye yuko Ikulu, na watu wa Kusini waliokuwa wanalala njiani wakisubiri kivuko hawakuuliza habari za kanuni. Na barabara ya juu ya Tazara mwaka 2018 ilipewa jina la mhandisi Mfugale naye akiwa hai bado, mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara. Hiyo niliipigia makofi peke yangu sebuleni. Mtu wa vipimo na zege, si wa jukwaa.

Unakumbuka tulivyoziita shule za kata? "Shule za Lowassa." Hakuna waraka uliosema hivyo. Alizisukuma akiwa waziri mkuu, watu wakampa jina, nusu sifa nusu kejeli, kwa kuwa zilikuwa na madarasa bila walimu. Jina la namna hiyo mtu haombi, na akilipata hawezi kulikataa.

---

Dereva wa Semi:

Naongezea kidogo tu, niko mapumzikoni Morogoro. Nina madaraja mawili ya Magufuli kwenye ratiba yangu. Moja la Mto Kilombero kule Ifakara, lingine lile la kilomita 3 la ziwani Mwanza lililofunguliwa 2025. Bosi akipiga simu, "umefika wapi?" nikisema "nipo darajani Magufuli" ananiuliza, "Lipi?" Sasa nasema Kilombero au Busisi na maisha yanaendelea. Na stendi ya Mbezi nayo ni Magufuli. Hayati namheshimu, lakini mzigo haufiki kwa heshima.

---

Mtoto wa Ng'ambo:

Bibie katibu, hujambo. Sie Unguja tushapita huko zamani. Baada ya Mapinduzi hospitali kuu ikaitwa V.I. Lenin. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akenda "Lenini" kupimwa presha na hajui Lenin kavaa kofia gani. Leo hospitali ni Mnazi Mmoja, na Lenin kenda zake kimya kimya, hata hitima hakusomewa. Lakini uwanja wa mpira wa Mao upo palepale! Umekarabatiwa, nyasi mpya, vijana wanasema "tukutane Mao". Mimi naona mpira ndio uliomuokoa. Mahala pakiwa pa raha jina hudumu. Pakiwa pa sindano, watu hawaligombanii.

Na uwanja wa ndege ni Abeid Amani Karume, jina la heshima kabisa, na bado mtu akikupeleka asubuhi atakwambia anakupeleka epoti.

---

Jirani wa Nairobi:

Habari za huko. Kwetu Kenya hii hadithi tuliishi nayo miaka 24 ya Moi, 1978 hadi 2002. Barabara, chuo kikuu, uwanja wa ndege wa Mombasa, mashule sijui ngapi. Uwanja wa Kasarani ambao ulijengwa kwa michezo ya Afrika ya 1987, jina lake rasmi ni Moi International Sports Centre. Uliza mtu yeyote matatu ya kwenda Moi International Sports Centre uone atakavyokuangalia. Ni Kasarani, basi.

Lakini kali ni ile ya mwaka 2021. Barabara moja hapa Nairobi ilikuwa inaitwa Dik Dik, jina la yule paa mdogo, haina makosa na mtu. Ikapewa jina la Francis Atwoli, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akiwa hai na yeye mwenyewe yupo kwenye uzinduzi. Kibao kikang'olewa. Kikawekwa kingine, kikachomwa moto. Mitandaoni watu walikuwa wanafuatilia kile kibao kama mgonjwa wa ICU. Sisemi watu wenu watachoma. Nasema tu, hicho kibao chenu kiko salama zaidi hapo kwako nyumbani.

---

Karani wa Namba za Nyumba:

Mama, shikamoo. Mwaka 2022 kabla ya Sensa nilipata kibarua cha anwani za makazi, tunapita mitaa tunaandika majina ya barabara na kubandika namba. Niliona mengi. Kuna mtaa wakazi walikaa chini ya mwembe saa tatu nzima wakigombania njia ya hatua mia mbili, huyu anataka iitwe jina la baba yake, yule anasema baba yako alituuzia kiwanja kimoja mara mbili. Wakaishia kuiita jina la mwembe.

Nije kwenye swali lako la mwisho, la kukataa bila ugomvi, maana wengine wamekupa historia tu (walimu wangu mnisamehe). Makofi ya mkutano wa hadhara si uamuzi. Chenye nguvu ni mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, wenye mahudhurio na muhtasari uliosainiwa. Kama shule ni ya vijiji viwili au vitatu, kila kijiji kikae, kisha ipande kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Wewe katibu usipinge chochote. Waambie tu, "Muhtasari wa jina hatuna, fomu haiwezi kwenda bila muhtasari." Hapo hujakataa heshima ya mtu, umedai karatasi. Mkubwa hawezi kukuchukia kwa kudai karatasi, ndiyo dini yao.

La pili, mpeni jengo. Bweni, maabara, jengo la utawala. Mashule yetu yote mabweni yana majina: Nyerere, Karume, Kawawa, Mkwawa. Watoto wanalipenda jina la bweni kuliko la shule, ndilo wanaloshangilia kwenye michezo. Bati zake zimeezeka madarasa gani? Yaandikeni hayo. Atakuja kuzindua, atapiga picha, na shule itabaki na jina lake yenyewe.

---

Mama Daftari:

Wakuu nimerudi, mnisamehe, wiki mbili huku mtandao unapanda na kushuka kama njia zetu. Karani, marahaba mwanangu, nimefanya ulivyosema neno kwa neno. Nilimwambia mtendaji, "Muhtasari hatuna." Akanitazama. Akafungua faili, akafunga. Akaitisha mkutano mkuu Jumapili baada ya ibada na sisi wengine baada ya kutoka mashambani.

Walikuja watu wengi kuliko siku ya msafara. Yule bwana aliyependekeza safari hii hakuwepo, si mkazi wa hapa kumbe. Mzee wetu wa kamati akasimama akatoa hoja ile ya @Bati Kwanza, karibu maneno yaleyale, nikadhani humu ndani tupo naye. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akasema na jina la shule linaandikwa kwenye cheti, yeye hataki miaka ishirini ijayo aombe kazi na cheti chenye jina la mtu ambaye hajulikani kaishia wapi. Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nikaliandika, nikalipigia mstari.

Nami nikasimama na daftari. Sikuhutubia. Nikaanza kusoma majina, kaya ya kwanza, ya pili, na walichotoa. Nilipofika ya arobaini hivi watu walikuwa wanaitikia kila jina kama mahudhurio ya darasani, wengine wanacheka, "ndoo mbili tu huyo, nakumbuka!" Kuku wawili wakapigiwa vigelegele. Sikumaliza, mwenyekiti alisema giza linaingia.

Wengi wakasema basi iwe Kwa Bibi. Huku kwetu hilo si geni, tuna Kwai, Kwekanga, Kwemashai, kila "kwe" ina mtu au kitu chake. Tukageuka kumtazama bibi mwenyewe, amekaa chini ya mti wake. Akasema hataki. Tukadhani ni haya. Akasema, "Mimi bado nipo. Mkiniandika ukutani, watoto wakichelewa watasema wamechelewa kwangu, wakifeli watasema wamefelia kwangu. Na mwalimu akipiga mtoto atakuwa anampigia kwangu." Akatuambia pale kabla ya miwati yake palikuwa na jina, la kijito kinachopita chini ya bwalo, jina ambalo mimi nimezaliwa hapa na sikuwahi kulisikia. Wazee wawili wakatikisa vichwa, kweli. Vijana wakalijaribu midomoni, wakalikosea, wakalirudia.

Kura hazikupigwa. Walikubali madarasa mawili ya bati zile yaandikwe jina la mheshimiwa, hilo lilipita bila neno, hata mimi nilinyoosha mkono. La shule limeahirishwa hadi Jumapili nyingine: wako wa Kwa Bibi wanaosema bibi atakubali tu akibembelezwa, na wako wa kijito. Mtendaji ameniomba nipeleke ujumbe kwa watu wa mheshimiwa kuhusu hayo madarasa mawili. Nimemwandikia barua, nimeisoma mara nne, bado iko mezani.

@Konda Mstaafu, nilitoka barabarani jana alfajiri hakuna mtu, nikapiga kelele majina yote matatu. La mheshimiwa lina silabi saba, lilinikata pumzi kabla halijaisha. La kijito mbwa wa jirani aliitikia.

Fundi kapita tena leo. Kibao bado kiko jikoni kwangu, cheupe, hakina neno, na kuku wameanza kukipanda.